Miavuli Mitano, Mnara Mmoja

Ukimuuliza ofisa yeyote wa mawasiliano kama Zanzibar kuna ushindani wa simu, atakuhesabia. Vodacom, Yas, Airtel, Halotel, TTCL. Mitano hiyo. Na ukitoka ofisini kwake ukapita Darajani utamwamini, maana miavuli ya mawakala imepangana rangi kwa rangi, na vijana wanakuita kila mmoja upande wake: "Dada, laini bure leo, kidole tu!"

Mimi nimeacha kuhesabu miavuli. Siku hizi najiuliza swali moja tu: hapa nilipo, mtandao wangu ukinichosha, ninao mwingine wa kuhamia? Mjini ninao. Nikishuka bandari ya Mkoani, Pemba, nikapanda gari mpaka kwetu, nje kidogo ya Konde, habari inakuwa nyingine.

Nyumba ya mama iko bondeni, kilima mbele, mikarafuu nyuma. Mtandao mmoja ndio unaoshika ndani. Wa pili unashika ukitoka uani ukasimama chini ya mkarafuu wa tatu, simu umeielekeza Wete. Hiyo mingine tunaisikia kwenye matangazo ya redio.

Mama ana kitochi cha laini mbili, na laini zote mbili anazitumia, kila moja kwa kazi yake. Ya kwanza ya kupigia na kupigiwa. Ya pili ya pesa, kwa sababu mshika fedha wa kikundi chao cha mwani yuko kwenye mtandao huo. Siku moja nilimwambia, mama, huu wa pili bando lake la dakika ni rahisi, kwa nini usiutumie kwa kila kitu? Akanitizama.

"Rahisi, mwanangu, lakini niupigie mkarafuuni? Na hii masika?"

Sikuwa na la kumjibu. Mtandao wa bei nafuu usioshika chumbani si mshindani wa ule unaoshika. Wanaotuhesabia kampuni wanahesabu leseni. Mama anahesabu minara, na huko kwao anapata mmoja na robo.

Kuna jambo lazima niliseme kwa uadilifu, maana najua atakayelisema kabla yangu. Menyu ya bando kwa sehemu kubwa ni moja nchi nzima. Mtu wa Konde hatozwi zaidi ya mtu wa Kariakoo kwa sababu tu hana mtandao wa pili. Kwa karatasi, tuko sawa. Lakini bando linauzwa kwa saa. La siku ni saa 24, umeme ukatike usikatike, mnara uwe hewani usiwe hewani. Mwenzangu wa mjini akinunua bando la siku analitumia tangu alfajiri mpaka anapolala. Mdogo wangu aliyeko kwa mama, anayesoma kidato cha nne, hulinunua asubuhi kabla hajaenda skuli, akirudi mchana intaneti inazunguka tu, ikija kutulia saa mbili usiku ameshachoka, na alfajiri meseji inaingia: bando lako limekwisha muda wake. MB zilizobaki zimekwenda na maji. Pesa ni ileile aliyotoa mtu wa mjini, ila yeye amekula nusu ya chakula.

Hapo ndipo ushindani mdogo unapouma visiwani. Huuoni kwenye tarakimu ya menyu. Unauona kwenye mnara uliozimika Ijumaa ukawashwa Jumatatu, na kwenye huduma kwa wateja wanaokujibu "tunalifanyia kazi" kwa sauti ya mtu ambaye hana wasiwasi kwamba utahama. Nimewahi kupiga simu huko kwa niaba ya mama, mtandao siutaji, nikaambiwa niizime simu na kuiwasha. Mnara ndio uliozimika, kijiji kizima kinajua, mimi naambiwa niwashe simu.

Bei zenyewe nazo hazipandi kwa kupigiwa mbiu. Bando langu la wiki nimelinunua muda mrefu kwa pesa ileile, kilichobadilika ni kilichomo ndani. Ni kama boflo, mkate wa duka la mtaani: bei haijaguswa, lakini siku hizi ukilishika kiganja kinafumba. Kisha menyu huchezewa. Bando ulilolizoea namba tatu linaondoka, unalitafuta, unalikuta limejificha namba sita ndani ya menyu nyingine, limepungua MB na limeongezewa SMS ambazo hakuna mtu anayezituma. Ukilalamika unaambiwa umeboreshewa.

Mara moja tu nakumbuka bei ilipanda kwa kishindo kiasi cha kuirudisha chini. Ilikuwa Aprili 2021, wiki mbili baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuapishwa. TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, ilikuwa imetoa kanuni mpya za vifurushi, siku ya kuanza kutumika ikafika, watu wakaamka asubuhi wakakuta bando zimepanda. Kelele zilizopigwa mitandaoni siku ile (kwa bando la zamani lililokuwa limebaki, nadhani) hazikuwa za mchezo. Waziri wa Mawasiliano wa wakati ule, Faustine Ndugulile, akatangaza bei mpya zisitishwe na za zamani zirudi. Na zikarudi. Kanuni zenyewe hazikuwa mbaya hata kidogo: mteja apewe taarifa akifikisha asilimia 75 ya bando na linapomalizika, aweze kumhamishia mwenzake kinachobaki, asitumbukizwe kwenye bei ya kawaida bila ya ridhaa yake. Mazuri yote hayo yalimezwa na hasira ya bei. Na baada ya hapo bei ziliendelea kupanda, mara kwa kelele, mara kimya kimya.

Jibu la Serikali tangu wakati ule limekuwa bei elekezi: MB moja ya intaneti iuzwe kati ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35. Ukiisikia kwenye taarifa ya habari inapendeza, senti mpaka senti. Kaa na kikokotozi. GB moja ina MB 1,024. Kwa bei ya chini ni kiasi cha shilingi 2,080. Kwa bei ya juu ni kiasi cha shilingi 9,570. Zote mbili ni halali, na kati yake kuna tofauti ya mara nne na zaidi. Mtu anayenunua GB 10 kwa mpigo anakaribia ile ya chini. Anayenunua bando la shilingi mia tano, kwa sababu mia tano ndiyo aliyonayo, anasogezwa kuelekea ile ya juu. Wanunuzi wa mia tano ndio wateja wakubwa wa mawakala wa Konde. Mwenye pesa nyingi ananunua MB rahisi, mwenye pesa kidogo ananunua MB ghali, na vyote viko ndani ya mwongozo.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu Zanzibar ina hadithi yake kwenye jambo hili, na nashangaa haizungumzwi vya kutosha hata barazani ambako huzungumzwa kila kitu.

Tulikuwa na mtandao wetu. Zantel ilianzishwa 1999, Serikali ya Mapinduzi ikiwa na hisa zake, pamoja na wawekezaji akiwemo Etisalat wa Falme za Kiarabu ambaye baadaye ndiye aliyeshika hisa nyingi. Mtu akikupa namba ya 0777 hukuwa na haja ya kumuuliza anatoka wapi. Kwa Pemba na Unguja ndiyo iliyokuwa simu yenyewe. Mitandao ya Bara ilikuwa ya kupigia ukienda Dar. Haikuwa malaika, nakumbuka vocha zake zilivyokuwa zikitumaliza. Lakini soko lake la kwanza lilikuwa sisi. Bosi wa kampuni ile akiambiwa Micheweni hakushiki, alikuwa anaambiwa habari ya nyumbani.

Mwaka 2015 Millicom, kampuni iliyokuwa ikimiliki Tigo, ilinunua asilimia 85 ya Zantel kutoka kwa Etisalat. Bei iliyotangazwa ni dola moja ya Marekani. Dola moja, pamoja na kuyabeba madeni. Serikali ikabaki na asilimia 15. Mwaka 2019 Zantel ikaunganishwa na Tigo. Mwaka 2022 Millicom ikauza biashara yake yote ya Tanzania kwa kundi linaloongozwa na Axian ya Madagaska, na Novemba 2024 jina la Tigo lenyewe likaondoka, tukawa na Yas.

Sisemi tumeibiwa. Kampuni inayouzwa kwa dola moja na mzigo wa madeni haikuwa na miaka mingi ya kuishi peke yake, na huenda bila ya kuunganishwa ingekufa kabisa tukabaki na mingine tu. Kilichonikera ni namna tulivyoisherehekea kama habari ya maendeleo bila ya mtu kuuliza swali la wazi: waliokuwa wakigombania wateja wa Zanzibar walikuwa wangapi jana, na kuanzia kesho watakuwa wangapi? Mmoja amepungua, na aliyepungua ndiye ambaye visiwa hivi vilikuwa ndio biashara yake. Kwa hao waliobaki, sisi ni mkoa mmoja kati ya mikoa mingi. Sensa ya 2022 ilitukuta watu 1,889,773, Pemba peke yake 543,441. Kwa kampuni yenye wateja nchi nzima hizo ni hesabu ndogo, na sitegemei iamke usiku kwa ajili yetu.

Ndani ya hadithi hiyohiyo ya Zantel kuna kipande ninachokipenda. Ilipovuka bahari kwenda Bara haikuwa na minara huko. Haikusubiri mpaka ijenge. Ilikubaliana na Vodacom, na mteja wa Zantel akifika Bara simu yake ikashika kwenye minara ya Vodacom. Mteja alibaki wa Zantel, na malipo ya mnara wakamalizana wenyewe huko juu. Yaani jambo ambalo mama analihitaji leo, simu yake ishike mnara wowote ulio karibu bila ya kujali ni wa nani, mtandao wa Zanzibar ulilifanya Bara miaka mingi iliyopita. Halihitaji uvumbuzi. Linahitaji mtu wa kulazimisha.

Na tunajua kuta za mitandao zinabomoka, kwa sababu zimeshabomolewa mara mbili, mara moja kwa amri na mara moja kwa makubaliano.

Mara ya kwanza ni ile gharama ambayo mtandao mmoja humlipa mwenzake mteja wake anapopiga kwenda upande wa pili. Gharama hiyo ikiwa kubwa, mtandao mdogo unaumia, maana wateja wake ni wachache na simu zao nyingi zinatoka nje, kila dakika inalipiwa kwa jirani mkubwa. Ndiyo sababu zamani tulikuwa na mabando ya dakika za mtandao mmoja tu, na watu wakatembea na simu tatu. TCRA ikaishusha kwa ngazi: shilingi 15.60 kwa dakika mwaka 2018, 10.40 mwaka 2019, 5.20 mwaka 2020, 2.60 mwaka 2021, na 2.00 mwaka 2022. Leo dakika za mitandao yote zimejaa kwenye menyu, na vijana hawajui hata kwamba kuna wakati kumpigia mtu wa mtandao mwingine ilikuwa anasa. Hakuna kampuni iliyoamka asubuhi ikaona huruma. Iliamriwa.

Mara ya pili ni pesa. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane pesa moja kwa moja kutoka mtandao hadi mtandao, na Vodacom ikaingia 2016. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo duniani kufika hapo, na ni jambo la kujivunia. Lakini ukuta haukubomoka wote. Kutuma mtandao mwingine mara nyingi kunakata zaidi, na kwenye kikundi cha mama, ambako watu wanachangiana elfu moja moja, makato hayo ni maneno. Mtu akisema "nitumie na ya kutolea" anajua hasa ni shilingi ngapi, na anajua zinatofautiana kwa mtandao. Kwa hiyo wote wamejikusanya kwenye mtandao wa mshika fedha. Siku mshika fedha akihama ndipo watahama, na mshika fedha hahami kwa sababu wao wako hapo.

Hii ndiyo sababu sikushangaa kwamba kuhama mtandao kwa namba ileile, huduma iliyoanza Machi 2017, haikugeuka kuwa mafuriko. Namba inahama, pesa iliyomo kwenye mfuko wa simu haihami nayo, wala kikundi. Unaweza kuibeba 0777 yako ukaenda nayo popote. Niliwahi kumweleza hilo wakala mmoja wa Wete, mwanamme wa makamo, kibanda chake kiko karibu na soko, ana simu sita mezani zimefungwa mpira na kila moja imebandikwa plasta yenye jina la mtandao. Akacheka. "Dada yangu, ahame aende wapi? Watu hapa hawahami, wanaongeza." Akanionesha kwa mkono: mteja aliyekuwa mbele yangu alikuwa anafungua kifuniko cha simu na jino, anatoa laini moja, anatia nyingine aliyoihifadhi kwenye kikaratasi cha Panadol, anunue bando la usiku, kisha airudishe ya kwanza. Laini mbili, kampuni mbili, na kila moja inamhesabu mteja wake kwenye takwimu za robo mwaka. Tunapoambiwa laini za simu nchini zimeongezeka, sehemu ya ongezeko hilo liko ndani ya kikaratasi cha Panadol.

Takwimu hizohizo za TCRA zinaonesha kitu kingine. Mitandao mitatu mikubwa, Vodacom, Yas na Airtel, inashika zaidi ya laini nane kati ya kila kumi nchini. Halotel, iliyoingia 2015 na watu wa Viettel kutoka Vietnam ikajenga vijijini kwa kasi, inafuata kwa mbali. TTCL ya Serikali iko mkiani. Na tusidanganyane: watatu wakubwa hawahitaji kukutana hotelini kupanga bei. Wanasomana menyu kama tunavyozisoma sisi. Mmoja akipunguza MB, wawili wanangoja wiki, wakiona wateja hawakukimbia, nao wanapunguza.

Kampuni zina upande wao na sitaki kuufunika. Mnara wa kisiwani unakula dizeli umeme ukikatika, fundi anapanda boti, vifaa vinanunuliwa kwa dola na bando linauzwa kwa shilingi. Kuna kodi: Bara kuna ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu, na mtu anayenunua bando la mia tano anailipa bila ya kujua. Kulikuwa na tozo za miamala za Julai 2021 ambazo ilibidi zipunguzwe kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka uleule, baada ya watu kupiga kelele na wengine kurudi kwenye bahasha na dereva wa gari. Si kila shilingi iliyopanda imekwenda kwa mwenye hisa. Nakubali.

Lakini ukishakubali hayo unakutana na swali la nani amlinde mteja wa Zanzibar, na hapo ndipo mambo yanapochekesha kidogo. Posta na simu ni mambo ya Muungano, kwa hiyo msimamizi ni TCRA. Ushindani wa biashara si wa Muungano. Sheria ya Ushindani ya 2003 ni ya Tanzania Bara, na Zanzibar ina sheria yake ya 2018 na Tume yake ya Ushindani Halali wa Biashara. Basi kampuni ni moja, mnara ni mmoja, mteja ni mmoja, ila malalamiko yake yakihusu mawimbi yana mlango huu, yakihusu ushindani yana mlango ule. Nimekaa barazani na wanasheria wawili wakibishana juu ya hili mpaka kahawa ikapoa, na mimi niliyewauliza nikaondoka bila ya kujua mlango upi nibishe.

Tuna njia nyingine, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Kampuni zinachangia, Mfuko unatoa ruzuku, minara inajengwa mahali ambapo biashara peke yake isingefika. Zanzibar tulipangiwa minara 42 katika shehia 38, na ni kitu kikubwa, kuna watu ambao kabla ya hapo walikuwa wakipanda kilima kupiga simu ya msiba. Ombi langu ni dogo. Mnara uliojengwa kwa pesa ya wote usiwe wa mtandao mmoja. Wapande wote watano, siku ya kwanza, na iwe ni sharti la ruzuku, si suala la mazungumzo ya baadaye. Biashara ya minara yenyewe imeshabadilika: mingi inamilikiwa na kampuni za minara, Helios Towers kwa mfano, ambazo kazi yao ni kuwapangisha watu wa simu. Mwenye mnara anataka wapangaji wengi. Anayekosekana ni mpangaji mwenye sababu ya kuja Konde.

Kwa hiyo nitakapopata nafasi ya kusema mbele ya Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, na nimeshaanza kuuliza wanakutana lini Pemba, sitaanza na bei. Nikianza na bei nitasomewa 2.03 na 9.35 nirudi nyumbani. Nitaomba kila bando kwenye menyu liandikwe bei ya MB moja pembeni yake, ili mnunuzi wa mia tano aone anachotozwa. Nitaomba kila mtandao utangaze shehia unazoshika na usizoshika, kwa majina, si kwa asilimia ya nchi. Na nitaomba jambo lile la Zantel na Vodacom lifanywe tena, safari hii upande wetu: mahali penye mnara mmoja tu, simu ya mtandao wowote ishike hapo hapo, wamalizane wenyewe malipo. Wakitaka pa kufanyia majaribio, mkoa wa Kaskazini Pemba ni mdogo, minara yake inahesabika, na gari la Konde linaondoka Chake kila baada ya muda mfupi.